Nati ya Sampu Iliyokataa Kufunguka: Niliyojifunza Chini ya Probox Kisumu

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye yuko chini ya gari lake sasa hivi, spana imeteleza mara ya kwanza, naye anajiandaa kuirudisha palepale na kuvuta kwa nguvu zaidi. Tafadhali iache kwanza. Toka chini ya gari, ufute mikono, usome mpaka mwisho, kwa sababu uamuzi utakaoufanya katika nusu saa ijayo ndio utakaoamua kama utatumia shilingi mia chache au elfu kadhaa.

Nati ya sampu, yaani ya bakuli la oili lililo chini ya injini, ile inayofunguliwa ili oili ya zamani itoke, ni kifaa kidogo sana. Katika Probox yangu, ambayo ina injini ya Toyota ya 1NZ-FE, kichwa chake ni cha spana ya 14 na mwili wake una kipenyo cha milimita 12. Juu yake kumekaa takriban lita 3.7 za oili, ukihesabu na ile inayoingia kwenye filta. Nati hiyo ikikaa sawasawa hakuna anayeikumbuka, na ikilika, gari zima linageuka kuwa mateka wake.

Mimi ni mwalimu, naishi Mamboleo, na shule ninayofundisha iko upande wa Kiboswa, kwa hiyo gari hupanda na kushuka mlima ule siku zote za wiki. Mama yangu yuko Nyakach na ana kliniki ya kila mwezi katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi wa Kisumu tumezoea kuiita Russia. Nalitaja hilo kwa sababu gari likisimama, si mimi peke yangu ninayeathirika. Hubadilisha oili kila baada ya kilomita 5,000, na kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na fundi ninayemfahamu. Servisi iliyotangulia masaibu haya, hata hivyo, nilifanyiwa Nakuru nikiwa safarini, kwenye gereji moja ya kando ya barabara kuu. Nilisimama karibu na shimo nikimtazama kijana aliyekuwa akifunga. Alipomaliza kukaza kwa spana, alichomeka kipande cha paipu ya chuma kwenye mpini ili uwe mrefu zaidi, akavuta mara mbili kwa uzito wa mwili wake wote. Nilipomuuliza kama si nyingi mno, alinijibu kwa heshima kabisa: "Usijali mzee, hii sasa haiwezi kuvuja."

Ni kweli kwamba haikuvuja. Lakini tatizo langu lote lilizaliwa pale, kwa sababu nati ya sampu kwa kawaida huharibiwa siku ya kuifunga. Siku ya kuifungua ni siku ya kugundua tu. Injini hii inahitaji nati hiyo ikazwe kwa nguvu inayokaribia nyutoni-mita 38. Kwa mkono, hiyo ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 19 hivi ukiwa umeshika spana umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye nati. Ukiongeza paipu mpaka mpini ufike mita moja, kilo zilezile 19 zinaleta nguvu karibu mara tano, na kijana yule hakuvuta kwa kilo 19. Nguvu ya namna hiyo hukandamiza washa, kile kipete bapa kinachokaa kati ya nati na sampu, mpaka inashikana na chuma cha pande zote mbili, huyavuta meno ya nati yakaanza kupinda, na huyasaga yale yaliyomo ndani ya sampu.

Watu wengi hudhani nati ya sampu hukwama kwa kutu. Kutu inaweza kuonekana ukingoni mwa kichwa, hasa kwa gari linalopita kwenye matope ya masika, lakini ndani meno yake yanaoga kwenye oili mwaka mzima. Ndiyo maana kupuliza dawa ya kulegeza kutu, au kumimina mafuta taa kama wanavyofanya wengine, hakusaidii sana hapa. Puliza kama unayo, uache kwa muda, lakini usitegemee muujiza. Kinachoishika nati ni mkazo wa kupita kiasi, na mkazo haulainishwi na dawa.

Likizo ya Agosti niliamua kuifanya kazi nyumbani, nikisaidiwa na mpwa wangu aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Udongo wa kwetu ni ule mweusi unaonata na kuzama, kwa hiyo tuliweka vipande vya mbao nene chini ya jeki, tukaliinua gari, tukaliteremsha juu ya stendi mbili za chuma na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Nalisisitiza jambo hili hata kama linaonekana liko mbali na nati. Mtu anayehangaika na nati iliyokwama huvuta na kusukuma kwa nguvu zake zote akiwa amelala chini ya tani moja ya chuma, na jeki peke yake haikuundwa kuhimili mtikiso huo. Msiba wa aina hiyo hauna spea.

Tulihakikisha pia kwamba nati tuliyoishika ni ya injini. Nati ya gia boksi haiko mbali nayo, na wapo watu waliomwaga oili ya gia, kisha wakaongeza oili ya injini juu ya ile iliyokuwemo, wakaharibu vyote viwili. Katika gari langu ya gia boksi hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani, lakini magari hayafanani, na dakika tano za kutazama kwa tochi zinatosha kuondoa shaka.

Spana tuliyokuwa nayo ilikuwa ya ringi, namba 14, ya aina ya kawaida yenye pembe kumi na mbili ndani. Mpwa wangu alivuta, kitu kikasogea, naye akapaza sauti kwa furaha: "Mjomba, imezunguka!" Nilipomulika tochi, nati ilikuwa palepale. Kilichosogea kilikuwa spana, na pembe mbili za kichwa zilikuwa zimeacha unyoya mwembamba wa chuma unaong'aa. Hapo nikachukua yale maji meupe tunayotumia kufutia makosa ya wino, nikapiga mstari mmoja unaoanzia kwenye kichwa cha nati na kuendelea mpaka kwenye bati la sampu. Mstari huo ulikuwa na thamani kuliko zana nyingi tulizotumia baadaye. Ukiwa chini ya gari, huku jasho likiingia machoni, mkono hauwezi kutofautisha nati inayozunguka na spana inayoteleza. Mstari ukikatika ndipo unajua ukweli. Mtu ambaye anafungua kwa mara ya kwanza pia autumie kukumbuka upande: unaitazama nati usoni, na kuizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Anayelala chali chini ya injini huchanganyikiwa kwa urahisi, na wapo waliokaza zaidi wakiamini wanafungua.

Jirani alituitia kijana mmoja wa mtaani anayetengeneza pikipiki. Alikuja na lile koleo la kujifunga lenyewe ambalo mafundi huliita vaisgripu, akalibana kwenye kichwa na kuanza kuzungusha. Ni zana nzuri kwa kazi nyingi, lakini kichwa cha nati ya sampu ni kifupi, na midomo ya koleo hilo haikupata mahali pa kushika isipokuwa ukingoni. Kila liliponyoka liliondoka na chuma kidogo. Baada ya muda mfupi kichwa kilichokuwa na pembe nne nzima kati ya sita kilibaki karibu mviringo, na kijana akaomba tindo ili agonge kutoka ubavuni.

Nilimwomba aache, nikamlipa shilingi 300 kwa muda wake. Sababu yangu ndiyo kiini cha makala haya. Kila jaribio lisilofaulu hula chuma ambacho zana inayofuata ingekihitaji. Sisi huwa tunaanza na zana iliyo karibu, kisha ya jirani, kisha ya kukodi, na ile bora kabisa tunaitafuta mwisho, wakati ambapo hakuna tena cha kuishikia. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Zana yenye mshiko mzuri kuliko zote ndiyo itangulie, hata kama ni ya kununua, hata kama itamaanisha kusubiri mpaka kesho.

Na kusubiri kunawezekana. Jioni ile nilikuwa na wasiwasi mkubwa, maana kliniki ya mama ilikuwa inakaribia, na kila mtu pale uani alikuwa na wazo la haraka: kuchomelea, kutoboa, kukata. Kilichonituliza ni kutambua kwamba oili ilikuwa bado imo ndani yote. Nati mbaya ambayo haijasogea bado inafunga. Gari lilikuwa zima, linawaka, linatembea, na oili iliyopitisha kilomita mia chache za servisi haiui injini. Sampu tupu ndiyo huiua, tena kwa dakika chache. Tuliteremsha gari kutoka kwenye stendi, nikapima oili kwa kijiti chake, nikalala.

Kesho yake nililiendesha mpaka Kibuye, kwa mafundi wa jua kali walio karibu na soko, nikamtafuta mzee mmoja ambaye kazi yake ni hiyo ya kung'oa boliti na nati zilizoshindikana. Kabla ya kufika kwake nilipitia dukani nikanunua nati mpya na washa yake, kwa sababu nilishajua kwamba ile ya zamani, hata ikitoka salama, haitarudi. Nunua nati yenye vipimo vyako kamili. Ya kwangu ni ya milimita 12 yenye hatua ya 1.25, yaani umbali wa milimita 1.25 kutoka jino moja hadi jingine. Ipo pia ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, na kwa macho zinafanana. Ukiilazimisha isiyo yake, inaingia mizunguko miwili kisha inaanza kuchonga njia mpya. Honda nyingi hutumia ya milimita 14, kwa hiyo usikubali kupewa "ya Kijapani" bila kupimwa.

Mzee yule hakuuliza mengi. Aliteremka shimoni, akaisugua nati kwa brashi ya waya, akaipapasa kwa kidole gumba kwa muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hapa hakuna tena kazi ya spana." Alinieleza kwamba laiti ningefika kabla ya koleo, angetumia soketi, kile kikombe cha chuma kinachovikwa juu ya kichwa cha nati, ya pembe sita badala ya ile ya kumi na mbili, kwa kuwa soketi hiyo hubana kwenye bapa za nati na haining'inii kwenye ncha za pembe. Iwapo ya 14 ingekuwa imelegea, angeigongelea soketi ya 13 kwa nyundo mpaka imeze kichwa. Hiyo ni njia ambayo kila mwenye gari anaweza kuijaribu nyumbani, mradi pembe bado zipo. Nyundo yenyewe husaidia pia, kwani mapigo machache ya wima juu ya kichwa, yasiyogusa bati la sampu, huivunjavunja ile hali ya washa kung'ang'ania chuma.

Kwangu alichagua soketi ya kung'olea, ile ambayo ndani yake ina makali yaliyojipinda kuelekea upande wa kufungua, ili kadiri unavyoizungusha ndivyo yanavyozidi kuuma. Aliijaribu moja, akaona imelegea, akachukua inayoifuata kwa udogo, akaigonga mpaka sauti ya nyundo ikabadilika kutoka nzito na kuwa kali, dalili kwamba imekaa. Kisha akafunga mpini mrefu. Hakuutikisa wala kuurusha. Aliweka kiganja kimoja nyuma ya soketi kuizuia isiinuke, akavuta kwa mkono mwingine polepole, uzito ukiongezeka bila kukoma, huku nimeshika tochi na macho yangu yakiwa kwenye ule mstari mweupe.

Ulisikika mlio mmoja mkavu, tak! Nilidhani kichwa kimekatika. Mstari ulikuwa umeachana kwa upana wa ukucha. Mzee alinitazama, akatabasamu, akaendelea.

Zipo gari ambazo nati huachia halafu inazunguka bure bila kutoka, kwa sababu meno ya ndani yamekwisha. Hilo ni tatizo jingine, na dawa yake ni nyingine. Kwa hali hiyo, alinieleza, huingizwa bisibisi bapa chini ya ukingo wa kichwa, ikasukuma nati kwenda chini kwa upole wakati mkono mwingine unaizungusha, mpaka meno machache yaliyosalia yashike na kuitoa. Kuongeza nguvu hapo hakuna maana yoyote.

Nati yetu ilitoka kwa shida, ikikwaruza mzunguko baada ya mzunguko, na mizunguko ya mwisho mzee aliimalizia kwa vidole huku ameisukuma juu, akaiondoa kwa ghafla na kuuvuta mkono wake pembeni. Oili ikamwagika kwenye karai. Tulikuwa tumeliacha gari lipoe kidogo, na jambo hili pia nalitilia mkazo: oili iwe na uvuguvugu ili itiririke, isiwe na moto wa kuunguza, maana kwa nati iliyokwama huwezi kujua itaachia saa ngapi na itakumwagikia wapi.

Nilipoiosha na kuishika kwenye mwanga, niliona maelezo yote ya kilichotokea. Kulikuwa na washa mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ikiwa ya zamani ambayo haikuondolewa kabla ya kuweka mpya. Zilikuwa zimebanwa zikawa kitu kimoja, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, kwa hiyo nati ilikuwa imekaa kimshazari. Katika mifereji ya meno, karibu na kichwa, mlikuwa na nyuzi za chuma cha kijivu zilizojikunja. Chuma hicho hakikuwa cha nati. Kilikuwa cha sampu.

Mzee aliingiza nati mpya kwa vidole. Iliingia, ikatikisika kidogo, na alipoikaza kidogo tu ilianza kuwa laini badala ya kuwa ngumu. Hapo nilivunjika moyo, nakiri, kwa kuwa nilidhani tumeshamaliza. Alinipa njia tatu. Ya kwanza, na ya bei ya chini, ni nati iliyoongezwa unene kidogo ambayo hujichongea meno yake yenyewe inapoingia. Sikuipenda, kwa sababu ikiingia kimshazari inaharibu kabisa, na vumbi la chuma hubaki ndani ya sampu. Ya pili ni kutoboa tundu kuwa kubwa, kulichonga meno na kuweka ndani yake koili ya chuma cha pua inayorudisha kipimo cha awali. Hiyo ni tiba nzuri mno, hasa kwa sampu za alumini, ambazo ni laini kuliko nati na meno yake hufa upesi, lakini inahitaji fundi mwenye vifaa kamili na mkono ulionyooka, na kuisafisha sampu baadaye kwa uangalifu. Ya tatu ni kubadilisha sampu yenyewe.

Katika injini yangu sampu ya chini ni ya bati la chuma, imefungwa kwa boliti ndogo za spana ya 10 na kuzibwa kwa silikoni, nayo hutoka peke yake bila kugusa sehemu kubwa ya injini. Sampu iliyotumika, isiyo na kovu la mawe wala kuchomelewa, niliipata kwa shilingi 3,500 kwenye maduka ya spea za mitumba. Kabla ya kulipa niliomba niingize nati yangu mpya kwa vidole pale dukani, nikaizungusha mpaka mwisho bila spana. Iliteleza vizuri, ndipo nikatoa pesa. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu sampu nyingine huuzwa kwa kuwa tu mwenyewe alishindwa na nati.

Kazi ya kubadilisha ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Silikoni ya zamani ilikwanguliwa yote, pande zote mbili zikafutwa mpaka zisiwe na oili, silikoni mpya ikapakwa mstari mmoja usiokatika, ukizunguka kwa ndani ya matundu ya boliti. Kuna fundi msaidizi aliyetaka kumimina oili hapo hapo ili niondoke kabla ya jua kutua. Mzee alikataa, nami nikamuunga mkono. Tuliliacha lilale gereji silikoni ikauke, oili ikawekwa asubuhi. Mama alipelekwa kliniki kwa teksi kutoka Nyakach, ambayo iligharimu shilingi 3,000 kwenda na kurudi.

Kwa hesabu, mzee alitoza shilingi 1,000 za kung'oa nati na 2,000 za kubadilisha sampu. Nati na washa zilikuwa 350, silikoni 600. Ukiongeza sampu, teksi na yule kijana wa kwanza, jumla ilikuwa shilingi 10,750, bila oili na filta ambazo ningenunua hata hivyo. Fedha hizo zote zilitokana na mvuto wa mara mbili wa paipu na washa moja ambayo haikuondolewa.

Kuna njia moja nilijifunza kwa kuchelewa kidogo, na ningependa wengine waijue mapema. Si lazima nati ifunguke ili oili itoke. Kwa mpira mwembamba unaoingia kwenye bomba la kijiti cha kupimia, na pampu ya kufyonza, oili nyingi inaweza kutolewa kutoka juu. Hiyo inatosha kukupitisha servisi moja huku ukitafuta fundi anayefaa. Pia inafungua mlango mwingine: ukishafyonza oili, sampu inaweza kuteremshwa nati ikiwa bado imo, ikasafishwa, ikabanwa kwenye jiliwa juu ya meza, na nati ikang'olewa pale kwa utulivu. Ikiwa kuna haja ya kuchomelea nati nyingine juu ya kichwa kilicholika, njia ambayo hufanya kazi vizuri kwa sababu joto lenyewe hulegeza, basi ifanyiwe hapo mezani. Chini ya gari kuna mvuke wa oili, nyaya na njia ya petroli, na nilimwambia kila aliyependekeza kuchomelea gari likiwa shimoni kwamba sitaruhusu.

Oili chafu nayo isiachwe ikamwagika. Nimeona mitaro mingi ya gereji ambayo maji yake ya mvua huishia mto Auji au Kisat, na mito hiyo huingia moja kwa moja ziwani, tunakovulia samaki na kuchotea maji ya kunywa. Yangu niliichukua kwenye dumu na kumpa jirani anayepaka nguzo za ua dhidi ya mchwa; wapo pia mafundi wanaoikusanya na kuiuza kwa wanaoichakata.

Tangu wakati huo nimenunua soketi ya 14 yenye pembe sita, nayo hukaa kwenye gari pamoja na washa mpya mbili zilizofungwa kwenye karatasi. Popote ninapofanyiwa servisi, namkabidhi fundi vitu hivyo viwili kabla hajashika nati, namwomba anionyeshe washa ya zamani mkononi mwake ikiwa imeondolewa, na namwomba aanze kuingiza nati kwa vidole mpaka iguse bati. Ndipo akaze kwa mpini wa kawaida, mkono mmoja, bila paipu. Kama ana spana ya kupimia mkazo, naomba aiweke kwenye nyutoni-mita 38. Wachache hukunja uso. Wengi hawakatai ukiwaeleza kwa adabu kilichokupata. Baada ya siku moja au mbili za kuendesha, nafuta nati kwa karatasi nyeupe na kuitazama. Ikiwa kuna unyevu mdogo, nabadilisha washa, sikazi zaidi.